Profesa Kimambo na Kazi ya Kuuliza Wazee

Ukitoka Korogwe mjini ukafuata barabara kuu ya Moshi, unapita Mombo, unapita Mazinde, unafika Mkomazi. Milima iliyo mkono wa kulia mpaka hapo ni ya Usambara. Ukisogea mbele, Hedaru na Makanya, milima bado iko kulia lakini sasa ni mingine. Hiyo ni milima ya Upare. Sisi watu wa Korogwe na Handeni tunawafahamu Wapare. Tunauziana nao, na wengine tumeoana nao. Huko ndiko alikotoka Profesa Isaria Kimambo, aliyezaliwa mwaka 1931 na kufariki mwaka 2018.

Profesa ni mwalimu wa cheo cha juu kabisa katika chuo kikuu. Kimambo alikuwa profesa wa historia katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na ni miongoni mwa Watanzania wa kwanza kabisa kuifanya kazi hiyo. Hakuongoza jeshi wala hakugombea urais. Kazi yake ilikuwa kuuliza, kusikiliza, kulinganisha, kuandika na kufundisha. Mtu anaweza kusema, kuuliza nako ni kazi? Ni kazi, tena ngumu, na nitajaribu kueleza inafanywaje.

Kwanza tuone ubishi uliokuwapo. Mwaka 1963 mwalimu mmoja mkubwa wa historia wa Oxford, Uingereza, jina lake Hugh Trevor-Roper, alisema kwamba Afrika haina historia ya kufundishwa. Iliyopo ni historia ya Wazungu waliokuja Afrika. Kabla yao ni giza tu. Wengi waliofikiri kama yeye walitoa sababu moja, kwamba Waafrika wengi hawakuandika, na pasipo maandishi hakuna ushahidi. (Pwani yetu watu waliandika kwa herufi za Kiarabu kwa karne nyingi, lakini hilo tuliache kwa leo.)

Tazama uzito wa maneno hayo. Wakati yanasemwa, Tanganyika ilikuwa na miaka miwili tu tangu ipate uhuru. Watoto waliosoma shule za mkoloni walijifunza habari za wafalme wa Uingereza na safari za akina Livingstone. Kama kweli hatukuwa na historia, basi babu zetu walikuwa wamekaa tu, hawakuamua jambo, hawakugombana, hawakujenga, wakisubiri mtu aje awafumbue macho. Na mtu asiye na jana ni rahisi kuambiwa kwamba hata kesho yake apangiwe na wengine.

Kimambo na wenzake hawakujibu kwa matusi. Walijibu kwa kwenda kutafuta ushahidi.

Alisoma Marekani, katika Chuo Kikuu cha Northwestern kilicho jirani na mji wa Chicago, na mwaka 1967 akapata shahada ya udaktari. Udaktari huu si wa kutibu watu. Ni shahada ya mtu aliyefanya utafiti wake mwenyewe, akaandika jambo ambalo halikuwa limeandikwa, na wakubwa wa somo hilo wakalipima wakaridhika. Jambo alilochagua yeye ni historia ya Wapare wenyewe, jinsi walivyojitawala kabla ya Mjerumani. Fikiri kidogo hapo. Amefika nchi ya mbali yenye maktaba za kila namna, na kinachompa udaktari ni maneno ya wazee wa Upare.

Sasa, wazee walimpa nini? Walimpa habari za koo. Upare, kama ilivyo Usambara na Uzigua, kila ukoo una habari zake: tulitoka wapi, tulipita wapi, nani alitutangulia, tambiko letu liko wapi, kwa nini hatuli kitu fulani. Huko Ugweno, upande wa kaskazini ya Upare, walieleza kwamba zamani waliokuwa na nguvu ni Washana, ukoo wa wahunzi, yaani wafua chuma. Baadaye ukoo wa Wasuya ukawaondoa Washana katika utawala, ukajenga utawala mpya. Chuma cha Upare kilikuwa kitu kikubwa. Wachaga wa Kilimanjaro walikinunua wakafulia mikuki na majembe. Kwa hiyo aliyeshika tanuru na mivukuto alikuwa ameshika na nguvu ya nchi.

Mtu mwenye shaka atasema hizo ni hadithi. Ni swali zuri, na hapo ndipo ilipo tofauti ya msimulizi na mwanahistoria. Msimulizi akikuambia jambo, inatosha. Mwanahistoria lazima aeleze amejuaje. Ni kama baraza la kijiji linapoamua shauri la mpaka wa shamba. Baraza halimsikilizi mlalamikaji peke yake likatoa hukumu. Litamwita mwenye shamba la upande wa pili, litamwita jirani asiye na faida katika kesi, litakwenda kuangalia mti uliopandwa mpakani. Kimambo alifanya hivyo hivyo. Habari za Wasuya hazitoshi, kwa sababu aliyeshinda hujisifu. Zitafutwe na za Washana walioshindwa. Ziulizwe koo nyingine zisizohusika. Kisha uende ukaangalie ardhi yenyewe. Mavi ya chuma, yale mabonge meusi yanayobaki baada ya kuyeyusha mawe ya chuma, hayaozi. Yakionekana mlimani, yanaunga mkono maneno ya mzee.

Kazi hii ya kupima maneno ya mdomo ilikuwa imeelezwa kitabuni na Mbelgiji mmoja, Jan Vansina, aliyekaa na Wakuba wa Kongo. Kitabu chake kilitoka mwaka 1961, na wanahistoria wa Afrika wa wakati wa Kimambo walikitegemea sana. Jambo kuu alilosema Vansina ni kwamba neno lililorithishwa kwa mdomo ni ushahidi kama ilivyo barua, na kama barua, linaweza kuwa la kweli au la uongo. Lazima lipimwe.

Na miaka je? Mzee hasemi "mwaka 1650." Anasema "wakati wa babu yake babu." Hapo mwanahistoria anahesabu vizazi. Tuchukue mfano tu, wewe na mimi tufanye hesabu. Tuseme ukoo unataja majina 10, baba na mwana, kutoka aliyefika kwanza mpaka mzee wa leo. Tukikadiria miaka 27 kwa kila kizazi, tunapata miaka 270. Rahisi? Si rahisi. Ukoo unaweza kusahau majina ya watu ambao hawakufanya jambo kubwa. Tena kuna mtego mwingine: ndugu wawili waliotawala mmoja baada ya mwingine wanaweza kutajwa kama baba na mwana. Hapo umeongeza miaka 27 isiyokuwapo. Ndiyo maana mwanahistoria hutafuta kigingi cha kufungia kamba, yaani tukio moja ambalo mwaka wake unajulikana kwa njia nyingine. Kwa upande wetu wa Usambara kigingi kipo. Mmisionari Ludwig Krapf alifika kwa Kimweri, mfalme wa Wasambaa, mwaka 1848 na tena mwaka 1852, akaandika. Kwa hiyo tukimtaja Kimweri tunajua tumesimama wapi. Kutoka hapo mtu anaweza kuhesabu kurudi nyuma kwa Mbegha, kwa tahadhari.

Kitabu cha Kimambo cha siasa ya Wapare tangu karibu mwaka 1500 mpaka 1900 kilitoka mwaka 1969. Mwaka huo huo yeye na mwenzake Arnold Temu walitoa kitabu cha historia ya Tanzania nzima kilichoandikwa na wataalamu mbalimbali. Hapo nchi haijamaliza miaka kumi ya uhuru. Idara ya historia ya Chuo Kikuu ilikuwa imeanzishwa chini ya Mwingereza, Terence Ranger, na baada yake Kimambo akashika uongozi. Baadaye akawa msimamizi mkuu wa masomo ya Chuo Kikuu chote, kazi ya ofisi iliyomchukua miaka mingi. Wanaojua kuandika watanielewa: ofisi hula muda wa kalamu. Kitabu chake kikubwa cha pili juu ya Wapare, kinachoeleza mambo ya mwaka 1860 hadi 1960, kilitoka mwaka 1991. Ni miaka 22 baada ya kile cha kwanza.

Lakini katikati, mwaka 1971, alitoa kijitabu kidogo ambacho mimi nakipenda kuliko vyote. Kinahusu mbiru.

Mbiru ilikuwa kodi. Katika miaka ya 1940, wakati wa Vita Kuu ya Pili, Upare iliwekewa kodi ya kupimiwa mali. Zamani mtu alilipa kiasi kimoja sawa na mwenzake. Sasa kila mtu akadiriwe alichonacho: mashamba yake, mifugo yake, kisha apangiwe. Ukisikia haraka haraka utasema ni haki, mwenye kingi atoe zaidi. Kumbe Wapare waliona vingine. Nani anapima? Kwa kipimo gani? Kwa nini hatukuulizwa? Kukaguliwa na kuhesabiwa mali nyumbani kwako, mbele ya wake na watoto, waliona ni kudhalilishwa. Januari 1945 maelfu ya wanaume walishuka kutoka milimani wakaenda Same, makao ya wilaya, wakakaa hapo. Hawakupiga mtu wala kuchoma nyumba. Walikaa tu, wakisema kodi iondolewe. Mmoja wa viongozi wao alikuwa Paulo Mashambo. Shauri hili lilivutana muda mrefu, na wanawake nao wakaingia wakaandamana, mpaka mwishowe serikali ya kikoloni ikaiondoa mbiru.

Sasa angalia kazi ya mwanahistoria hapo. Katika majalada ya serikali, jambo kama hili huitwa fujo, au ukaidi wa watu wasioelewa faida. Ukisoma majalada peke yake utaandika hivyo. Kimambo alikuwa na majalada, kwa Kiingereza, na alikuwa na wazee, kwa Chasu na Kiswahili. Akaziweka habari pamoja. Kilichotokea si fujo. Ni watu waliokuwa na hoja, na hoja yao aliieleza. Bila lugha ya nyumbani angebaki na upande mmoja wa kesi.

Ndiyo maana nasema lugha ni jembe la mwanahistoria. Kiingereza kilimfungulia ofisi na vyuo. Kiswahili kilimfungulia nchi nzima. Chasu ilimfungulia mlango wa nyumba. Na hata Upare kwenyewe lugha si moja: Wagweno wana Kigweno, ambacho kiko karibu zaidi na Kichaga kuliko Chasu. Mambo ya Wajerumani nayo, waliotawala huku mpaka mwaka 1916, yameandikwa Kijerumani.

Hata lugha yenyewe inaweza kuwa shahidi. Mtu wa Korogwe anawajua Wambugu wanaoishi milimani Usambara. Katika lugha yao ya ndani mna maneno mengi ambayo si ya Kibantu kabisa. Yanafanana na ya jamii ya Kiiraqw, cha kule Mbulu. Hakuna mtu aliyeandika safari za mababu wa Wambugu, lakini maneno yao yameitunza sehemu ya habari hiyo.

Nitoe mfano mwingine wa hapa hapa kwetu. Chuo kile kile cha Northwestern kilimsomesha Mmarekani mmoja, Steven Feierman, aliyepata udaktari mwaka 1970. Huyu alikuja Usambara katika miaka ya 1960. Hakutegemea mkalimani, alijifunza Kishambaa. Wazee walipomweleza habari za wafalme walitumia maneno mawili, kubana shi na kuzifya shi. Msambaa ameshacheka, anajua. Shi ni nchi. Kuzifya ni kutengeneza, kuponya. Kubana ni kuharibu. Mtu mwenye Kiswahili peke yake angesikia kubana akadhani ni kubana kwa kamba au kwa mlango! Feierman alielewa kwamba hayo maneno mawili ndiyo kipimo cha utawala kwa Wasambaa: mfalme mwenye nguvu na mvua ikanyesha, nchi imepona, wakubwa wakigombana na watu wakauzwa utumwani, nchi imeharibika. Akafuata kipimo hicho mpaka kwenye vita vya baada ya kifo cha Kimweri, wakati Semboja aliyekuwa Mazinde, kwenye njia ya misafara, alipopata bunduki na kuivuruga Vugha. Kitabu chake juu ya ufalme huo kilitoka mwaka 1974.

Feierman naye hakuwa wa kwanza. Alitanguliwa na Abdallah bin Hemedi, aliyeandika Habari za Wakilindi kwa Kiswahili, ikapigwa chapa Magila, Muheza, kwa sehemu sehemu kuanzia miaka ya 1890. Huyo ndiye mwanzo wa historia ya maandishi ya milima hii, na aliiandika kwa lugha ambayo wewe unaisoma sasa.

Na Handeni? Wako wanaofikiri Handeni haina habari ila njaa na mbung'o. Mmarekani mwingine, James Giblin, alifanya utafiti Uzigua, na kitabu chake kilitoka mwaka 1992. Alichoonyesha kinafaa kujulikana na kila mfugaji na mkulima wa Handeni. Katika karne ya 19 watu wa Uzigua walifuga. Mbung'o walikuwapo, lakini watu waliwaweka mbali kwa kulima, kufyeka na kukaa mahali ambapo kichaka hakikuwa na nafasi. Zikaja njaa kubwa za miaka ya 1890, nzige, na utawala wa Wajerumani uliodai kodi na kazi. Wenye chakula ambao zamani waliwashika wenzao wakati wa shida wakakosa uwezo huo. Watu wakafa, wengine wakahama. Mashamba yakarudi kuwa kichaka, wanyama pori wakarudi, mbung'o wakarudi, ng'ombe wakafa kwa nagana. Kwa hiyo kichaka alichokikuta ofisa wa kikoloni akakiita hali ya asili ya Handeni, hakikuwa cha asili. Kilikuwa makovu. Katika darasa moja la kisomo nilipoeleza jambo hili, mzee mmoja aliniambia baba yake alikuwa akisema hivyo hivyo, ila wao vijana walidhani ni majivuno ya Kizigua.

Mwaka 1996 Kimambo, Giblin na Mmarekani wa tatu, Gregory Maddox, walihariri pamoja kitabu juu ya watu wa Tanzania na utunzaji wa ardhi yao. Mtu wa Upare alikuwa amepata wenzake wa kazi moja, na Uzigua ikaingia katika mazungumzo ya nchi nzima.

Nina neno moja hapa, nalo si la kumlaumu mtu. Vitabu vikubwa vya Kimambo, na vya hao Wamarekani, vimeandikwa kwa Kiingereza. Hata historia mpya ya Tanzania aliyoitoa mwaka 2017 pamoja na Maddox na Salvatory Nyanto, akiwa mzee wa miaka zaidi ya 80, ni ya Kiingereza. Maneno yalitoka kwa wazee kwa Chasu, Kishambaa na Kizigua, yakaenda vyuoni, na hayakurudi nyumbani kwa lugha ya nyumbani. Mjukuu wa mzee aliyehojiwa, kama ameishia darasa la saba, anakiona kitabu chenye jina la babu yake na hawezi kukisoma. Kimambo alifundisha katika chuo kinachofundisha kwa Kiingereza, na dunia aliyokuwa akibishana nayo ilisoma Kiingereza. Sababu naielewa. Hasara nayo ipo.

Tena wazee wale aliowauliza katika miaka ya 1960 hawapo tena. Aliowahoji wakiwa na miaka 70 walizaliwa kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Wa leo wenye miaka 70 walizaliwa katika miaka ya 1950. Wao hawakumbuki Mjerumani. Wanakumbuka mambo mengine, nayo ni historia: kazi ya kukata mkonge, kuhamia vijiji vya ujamaa katika miaka ya 1970, vita vya Uganda vya 1978 na 1979.

Wengine mnaweza kuuliza, je, mtu aliyemaliza kisomo anaweza kuandika maneno ya mzee wake? Anaweza, kwa daftari la kawaida na kalamu. Andika kwanza siku, mwezi na mwaka, na mahali mlipokaa. Andika jina la mzee, ukoo wake, na umri wake kama anaujua. Andika amejuaje jambo hilo: aliliona mwenyewe, au aliambiwa, na aliambiwa na nani. Kama amesema kwa Kizigua au Kishambaa, andika kwa lugha hiyo hiyo, tafsiri baadaye. Usimtengenezee maneno yawe mazuri. Mzee au bibi wa ukoo mwingine akieleza vingine, usimwambie amekosea. Andika na ya kwake, ukurasa wake peke yake. Ukimaliza, rudi siku nyingine umsomee mwenyewe yale aliyosema, polepole. Mara nyingi hapo ndipo atakapokukatiza: "La, mwanangu, hapo sivyo. Huyo hakuwa baba yake. Alikuwa kaka yake."